Uzi

Kiwanda chetu kilisokota uzi. Huo ndio mwanzo,
na anayetaka mwanzo mwingine akamuulize mwingine.
Mimi Glafira, zamu ya usiku, mashine ya kumi na nne,
masikio yaliyokufa ganzi kabla sijaolewa.

Mwaka wa themanini na nane Rimma Astafyevna
alibandika karatasi mlangoni mwa kantini, juu ya bei ya supu:
*Wanawake wanaotaka mpira, Jumapili, saa nne.*
Tulikwenda kumi na tisa.
Wanne walikwenda kucheka.
Wawili kati ya hao wanne walicheza miaka sita.

Jezi hatukuwa nazo. Tulichovya fulana za waume zetu
katika pipa la rangi, chumba cha chini, penye mvuke,
zikatoka nyekundu kama tunda la ryabina lililopigwa na jalidi.
Basi tukajiita Ryabina.
Mvua ya kwanza, rangi ikachuruzika mapajani;
refa akapuliza kipenga,
akidhani timu nzima imeumia.

Glavu za kipa zilikuwa za mchomea vyuma.
Venera Galimova alizivaa miaka tisa,
na hata leo, akimenya viazi,
vidole vyake hukunjuka taratibu, kama vina pa kuwahi.

Nchi ilibadili jina tukiwa safarini.
Tulitoka ukumbini Izhevsk, Desemba, tumefungwa mbili moja,
redio ikasema ilichosema.
Dereva akaizima.
“Tairi ni zile zile,” akasema, akawasha gari.

Kisha mshahara ukakauka.
Wakatulipa uzi: makasha kwa makasha, mweupe, mweusi,
na rangi moja ya zambarau ambayo hakuna aliyeitaka.
Tuliuuza stesheni, katikati ya treni mbili.
Makasha matatu, nauli ya mtu mmoja hadi Perm.
Tamila, winga wa kushoto, aliuza mpaka filimbi ilipokaribia,
akaingia uwanjani shavu limejaa mkate,
dakika ya nne akatia mpira kimiani,
ndipo akameza.
Uzi tulisokota, uzi tulivaa, uzi tulikula.

Mwaka wa tisini na saba tulishika nafasi ya tatu.
Wa tatu, nchi yote hiyo!
Meya alitupa birika la umeme, moja, kwa watu ishirini na wawili.
Rimma alilikata kwa kura. Nililipata mimi.
Lilivuja.

Sitaeleza sana mwaka wa elfu mbili na tatu.
Walikuja na minyororo, wakafunga lango la kiwanda,
uwanja ukawa soko la matairi,
na Ryabina ikafutwa kwa sentensi moja
yenye kosa la tahajia.
Nilibeba jezi zote kwa mkokoteni wa theluji,
nikazilaza sandukuni na nafthalini.
Kila Mei nilizianika barazani, ghorofa ya tano.
Jirani wa chini akapiga kelele: “Glafira, zinadondoka damu!”
Nikamjibu: “Bado.”

Miaka kumi na mitatu.
Halafu kengele ya mlango. Msichana, magoti yamechubuka,
Milena Khrustalyova, mjukuu wa mmoja wa wale wawili waliokwenda kucheka.
Ofisi ya usajili inauliza klabu iliasisiwa lini,
na karatasi ziliteketea.
Nikampa fulana namba saba, ingali ina kiraka cha Rimma,
na daftari langu la kufua: tarehe, matope, machozi hayakuandikwa.
Alirudi mikono yake ni myekundu hadi kwenye viwiko.
Walikubali.

Jezi mpya zimetoka mbali, laini, zinateleza kama samaki.
Nilizifua mara mbili, maji yakabaki meupe.
Sikuzipenda. Nilizikunja vizuri.

Jumapili wasichana walifungwa saba bila.
Milena alilia nyuma ya choo, akifikiri simwoni.
Nikafungua daftari, ukurasa mpya, nikaandika: *saba.*
Kando yake, kwa kalamu ya risasi:
*nafuu. Sisi tulianza kwa kumi na moja.*